Ardith Stenerud na Kadi Namba Moja ya Jabali la Ketchum

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, saa kumi jioni, Ardith Stenerud atakabidhi funguo za Jabali la Ketchum baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Funguo zenyewe ni tatu: wa ofisi, wa lango la ng'ombe, na mmoja ambao hakuna anayejua unafungua nini, naye hakubali utupwe.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi miaka ishirini na moja, mimi nikishughulika na uzio, vyoo na pampu ya maji, yeye akishughulika na mengine yote. Nilipompa habari hiyo alinikatalia katakata. Siku mbili baadaye alinifuata bandani nikiwa nachonga kigingi, akasimama mlangoni na kutoa sharti lake.

"Usipoandika habari za Rhoda, usiandike kitu, Clell. Sitaki kula keki na watu wasiojua."

Kwa hiyo habari za Rhoda zimo humu, nami nitazifikia. Waliozoea programu za sherehe zenye sifa mwanzo hadi mwisho watanivumilia kidogo.

Ardith aliajiriwa tarehe 12 Mei 1986, akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye duka la vifaa vya shamba la baba yake mjini Bascom. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye leseni ya udereva na asiyeogopa nyoka. Leseni alikuwa nayo. Nyoka alijifunza kuwaogopa hapa hapa, msimu wake wa kwanza, alipoinua mfuniko wa choo cha wanaume akamkuta mmoja amejikunja anamtikisia njuga. Mpaka leo hupiga mfuniko teke mara mbili kabla ya kuuinua, hata wa choo cha nyumbani kwake.

Siku hizo ofisi ilikuwa kibanda cha bati chenye jiko la kuni na dirisha moja. Simu haikuwepo. Maji yalikuja kwa madumu nyuma ya pikapu, na ukiyamaliza Jumanne, basi umeyamaliza mpaka Ijumaa. Kutoka lami hadi kwetu ni maili kumi na moja za changarawe katikati ya malisho, nchi tambarare, kwa hiyo vumbi la gari huonekana dakika ishirini kabla gari lenyewe halijafika. Ardith akiona vumbi aliteleka kahawa. Mgeni aliposhuka na kujinyoosha mgongo, kikombe kilikuwa kinamngoja, na wengi walidhani kwamba hapa kahawa iko jikoni saa zote. Ukweli ni kwamba zilipita siku nyingi birika lisiguswe.

Wageni wetu wengi walikuwa wamepotea. Walikuwa wakilitafuta jabali lile kubwa, maarufu, lenye mabasi ya watalii na duka la fulana, wakakata kona mapema. Walishuka, wakalitazama jabali letu lenye kimo cha ghala la nafaka, wakauliza kwa adabu kama hili ndilo lenyewe. Ardith aliwaambia kwamba lenyewe liko maili tisini mbele, ila hili hapa lina majina elfu moja mia moja na kumi na manne ya watu waliopita na magari ya maksai wakielekea magharibi, na kwamba akiwasomea matatu tu watamwambia kama wangali na haraka. Katika miaka niliyokuwa naye sikumwona mgeni aliyeondoka baada ya majina matatu.

Kwenye uso wa kusini yapo maumbo ya kale zaidi, farasi na ngao zilizochorwa na wenyeji wa nchi hii kabla gari lolote halijapita. Hayo hakuyapa namba. Mama mmoja wa Kiarapaho, kabila mojawapo la wenyeji hao, alimwomba asiyahesabu, naye aliheshimu ombi hilo bila kutaka aelezwe sababu. Alikuwa akiwapeleka wageni pale kwanza, wakasimama kimya, ndipo wakaja kwenye majina.

Kumbukumbu zake za kila siku ni hazina. Mnamo Julai 1994 ilinyesha mvua ya mawe makubwa kama mayai, na ng'ombe mmoja wa akina Haugen alikimbilia kwenye choo cha wanawake akagoma kutoka hadi jioni. Kwenye daftari la siku hiyo Ardith aliandika: "Mgeni mmoja. Hakusaini." Makao makuu ya hifadhi za jimbo walituma barua kuuliza kwa nini mgeni huyo hakuombwa kusaini. Barua hiyo ilikaa ukutani miaka kumi.

Mwenye ng'ombe huyo, Merle Haugen, ana hadithi yake pia. Sheria yetu inasema jina likitimiza miaka hamsini jabalini ni historia, na ole wake atakayeligusa. Kabla ya hapo ni uchafu, linafutwa. Merle alichonga jina lake na la msichana aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1961, na Ardith alilijua jina hilo tangu alipoanza kazi. Kila mwaka Merle alikuja na pai ya mkewe kuulizia kama amekwisha kuwa historia, na kila mwaka Ardith aliila pai na kumwambia bado ni uchafu. Mwaka 2011 alimwandikia kadi. Merle alivaa tai siku hiyo, na mkewe alilia kidogo, akisema ndiyo mara ya kwanza mumewe kutimiza jambo lolote kwa wakati.

Labda mtauliza kwa nini uchafu wa Merle uliachwa miaka yote ile wakati kazi ya Ardith ilikuwa kuufuta. Jibu ni ile kanuni yake, ambayo sasa inafuatwa kwenye majabali yote ya jimbo letu: jina lolote jipya lisiguswe mpaka lipitiwe na msimu mmoja wa baridi, lisomwe na watu wawili tofauti, na kila anayeweza kumjua mwenyewe aulizwe. Merle mwenyewe alipoulizwa alikiri papo hapo, lakini katika masharti hayo Ardith akapata kisingizio baada ya kisingizio cha kuahirisha. Kanuni hiyo imeokoa majina mengi. Ameisimamia mikutanoni, ameiandikia vijitabu, ameibishania na mabosi watatu. Sote tulidhani imetokana na busara tu.

Sasa nije kwenye kusoma ukuta, kwa sababu bila hilo habari za Rhoda hazieleweki. Kila Aprili, theluji ikishayeyuka na mbayuwayu hawajarudi kujenga viota vyao vya udongo chini ya ukingo wa jiwe uliochomoza kwa juu, tunalisoma jabali zima. Kuna sanduku la mbao lenye kadi, kila jina na kadi yake. Mmoja anakaa mezani chini na sanduku, anaita jina kwa sauti. Mwingine anatembea ukutani, na akiliona jina hilo anajibu: "Yupo." Likiwa limeliwa na upepo na mvua anajibu kwamba halionekani, nasi tunaandika tarehe. Kazi hiyo huchukua siku nne, na yeyote aliyekuwa shule atakumbuka asubuhi za kuitwa majina. Nimekuwa mwitaji kwa miaka ishirini na moja, na Ardith mjibuji. Upepo wa Aprili huku si wa mchezo. Tulikuwa tukivaa makoti mawili mawili na kupiga kelele kama wachunga ng'ombe, na hao watu waliokufa zamani walijibiwa mmoja mmoja kwamba wapo. Nitaikosa sauti ile kuliko ninavyoweza kuandika kwenye karatasi ya ofisi.

Kadi namba moja ni ya Rhoda Orcutt. Kadi hazikupangwa kwa herufi wala kwa mwaka, na sikuwahi kujua kwa nini yeye ndiye wa kwanza. Kila Aprili nilianza na jina hilo, na Ardith, akiwa amesimama chini ya ukingo wa kaskazini, alijibu kabla sijalimaliza.

Mwaka wangu wa nne nilichukua darubini nikalitafuta jina hilo huko juu. Niliona jiwe tupu, jeupe kidogo kuliko jirani zake. Nikamwambia Ardith kwamba macho yake yanahitaji fundi, maana anawaona watu wasiokuwepo. Nilitegemea anirudishie, kwa sababu kwa kutaniana hana mpinzani kaunti hii. Badala yake akaniambia nisome inayofuata. Niliona nimemgusa pabaya bila kujua ni wapi, na sikuuliza tena.

Tarehe 14 Juni mwaka huu lilitokea vumbi, na nyuma ya vumbi lilitokea gari la Bwana Lyle Pomeroy, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyekuwa msambaza barua huko Iowa. Ardith alikuwa ndani ofisini anaandaa ripoti. Mimi nilikuwa napaka rangi lango. Mzee alishuka na bahasha ya plastiki, akanionyesha nakala ya barua iliyoandikwa na bibi wa baba yake, Hester, aliyepita hapa na wazazi wake mwaka 1852 akiwa msichana wa miaka kumi na minne.

Barua ilisema hivi. Walipopumzika mchana kwenye Jabali la Ketchum, dada yake mkubwa alitaka jina lake liwe juu kuliko majina ya wanaume wote. Akapanda kwenye gari, juu ya gari akaweka pipa, juu ya pipa akasimama yeye, na ndege wakamzomea kwa sababu alikuwa anabisha hodi kwenye viota vyao. Alimaliza kisu cha baba makali, akagombezwa. Siku kumi na moja baadaye alikufa kwa kipindupindu. Walimzika katikati ya njia na kupitisha magari yote juu ya kaburi ili mbwamwitu wasilifukue, na kwa hiyo hata wao wenyewe wasingeweza kulipata tena. "Sasa dada yangu yuko mahali pamoja tu duniani," Hester aliandika, "na ni pale juu, kwa ndege."

Jina la dada huyo lilikuwa Rhoda Orcutt.

Mimi, kwa furaha ya mtu asiyejua anachokisema, nilimshika mzee bega nikamwambia kwamba amefika. Nilimwambia huyo ndiye kadi namba moja, kwamba nimemwita miaka ishirini na moja na kila mwaka yupo; lile jiwe tupu la kwenye darubini sikulikumbuka, nilivyozoea kuamini jibu la Ardith. Bwana Pomeroy alivua kofia. Alisema watu wa kwao wamemtaja Rhoda kila Krismasi tangu barua ile iandikwe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumwona. Akaniuliza kama ngazi ipo. Nikaenda kuileta, nikaiegemeza kwenye ukingo wa kaskazini, na mzee akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

Hapo ndipo Ardith alipotoka ofisini. Aliitazama ngazi, akanitazama mimi, akaitazama ile bahasha; maneno yetu alikuwa ameyasikia akiwa ndani. Baada ya miezi mitatu alikuwa anastaafu kwa heshima zote. Angeweza kusema kwamba upepo na mvua vimelila jina, kama vilivyoyala mengine mengi. Mimi ningeitikia, kwani nilikuwa nimeliona jiwe tupu kwa macho yangu. Mzee angehuzunika na kurudi Iowa, na mambo yangeishia hapo.

"Shuka kidogo, bwana," alisema. "Alikuwa hapo juu. Nilimfuta mimi, mwaka wa themanini na saba."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Kwa brashi ya waya, asubuhi nzima. Nilidhani ni vijana, na siku hiyo nilijiona nimechapa kazi."

Nilikuwa nimeishika ngazi, na sikujua niiachie au niendelee kuishika. Ardith alieleza yote pale pale, amesimama wima, mikono ameiweka nyuma. Majira ya baridi ya mwaka ule barafu ilipasua kipande cha ukingo kikaanguka na viota vyake vya zamani. Tarehe 22 Aprili alipita chini akaona jina ambalo hakuwahi kuliona, lisilo na mwaka, herufi za urefu wa kiganja, kali na nyeupe kana kwamba aliyezichonga ameondoka jana. Wiki iliyotangulia wanafunzi wa sekondari ya Bascom walikuja kuota moto pale, na makopo yao ya bia yalikuwa bado kwenye nyasi. Akajumlisha moja na moja. Akachukua ngazi, brashi, mchanga na maji, na ilipofika saa sita mchana halikubaki hata mkwaruzo.

Alasiri alikwenda kufagia udongo wa viota vilivyoanguka. Akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakuta upande wa chini kina herufi zilizoinuka, zimegeuka kinyume kama za kwenye muhuri. Mbayuwayu walikuwa wamejenga juu ya jina hilo, kizazi baada ya kizazi, udongo wao ukajaa ndani ya herufi na kuzikinga na jua na mvua. Ndiyo maana lilionekana jipya. Lilikuwa ndilo jina lililotunzwa vizuri kuliko yote jabalini, naye alikuwa amelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alituambia kwamba alikaa chini ya ukingo mpaka baridi ikamfukuza.

Wiki tatu baadaye ilikuja barua kutoka makao makuu, ya kwanza ya pongezi katika maisha yake ya kazi, ikimsifu kwa kuondoa uchafu upesi. Alikuwa mpya kazini, aliogopa, akanyamaza. Mwezi huo huo akanunua sanduku na kadi, na kadi ya kwanza akamwandikia Rhoda. Kanuni ya kungoja majira ya baridi ilifuata mwaka uliofuata. Mnaona sasa ilitoka wapi.

Bwana Pomeroy alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si yeye, akasema ameendesha gari maili mia saba. Akaenda kukaa garini na kufunga mlango.

Alikaa humo saa nzima, bila kuwasha gari. Nilimpelekea maji akayapokea, akaniuliza kama nilijua. Nilimwambia sikujua, na niliona haya kwa lile bega nililomshika. Ardith alikuwa ameingia ofisini. Alipotoka alikuwa na kopo la kahawa la zamani, lile ambalo kwa miaka ishirini na moja nilidhani lina misumari. Alifungua mlango wa upande wa pili wa gari bila kuomba ruhusa, akakaa. Dirisha lilikuwa wazi nami nilikuwa jirani, basi yaliyofuata niliyasikia.

Alimtolea vipande vitatu vya ule udongo wa viota, vilivyofungwa kwenye pamba. Mzee alivipapasa kwa kidole gumba, polepole, kinyumenyume. Akauliza jina lilikuwaje lilipokuwa zima, kwa sababu barua inasema kisu kilikuwa kimekwisha makali.

"Ile O ya jina la kwanza ni duara safi kabisa," Ardith alisema. "Ya pili ina pembe. Alikuwa amechoka, ila hakuacha."

Mzee akavirudisha vipande kwenye pamba, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Basi wewe ndiye mtu pekee aliye hai aliyemwona."

"Ndiyo. Na ndiyo sababu nimekuwa nikimjibia."

Sijui kama hapo alimsamehe. Sikusikia neno hilo kwa yeyote kati yao. Nilisikia mzee akiomba kipande kimoja aende nacho, na Ardith akimwambia hawezi kumpa hata punje kwa sababu ni mali ya jimbo na lazima kwanza iandikwe. Bwana Pomeroy akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana, na nikajua kwamba atakula chakula cha mchana nasi.

Jumatatu yake Ardith aliandika ripoti aliyokuwa akidaiwa na nafsi yake kwa miaka thelathini na saba, akaambatanisha ile barua ya pongezi na kuirudisha ilikotoka. Makao makuu walimpigia simu. Walimshauri, kwa upole, kwamba mambo ni ya zamani, kwamba ingetosha kuandika jina limeharibiwa na hali ya hewa, na kwamba ngao ya utumishi uliotukuka ilikuwa imekwisha kuchongwa. Alipokataa, walimweleza kwamba ripoti ikiingia kwenye faili, ngao haitaweza kutolewa. Aliwajibu kwamba nyumba yake ina kuta nne na zote zimejaa. Lakini mimi niliyekuwa nimekaa naye nilimwona amelitazama dirisha muda mrefu baada ya kukata simu. Mtu hutumikia miaka thelathini na minane mara moja tu, na ngao ile aliitaka. Nasema hivyo kwa sababu yeye hatasema.

Wiki tatu baadaye kadi namba moja ilirekebishwa rasmi. Chini ya jina la Rhoda sasa pameandikwa: "Limefutwa kwa kosa, Aprili 1987, na Ardith Stenerud, mtumishi." Makao makuu walitaka neno mtumishi peke yake. Jina aliliongeza mwenyewe, kwa wino.

Nimesema ametumikia hapa miaka yote hiyo. Sijasema kwamba hajawahi kwenda popote. Msimu wa wageni ndio msimu wa barabara kupitika, na kila kiangazi amekuwa hapa akingoja vumbi. Kwenye pikapu yake kuna karatasi iliyokunjwa mara nane, na humo ameorodhesha mahali ambapo wageni wetu waliopotea walimsimulia: msitu wa miti iliyogeuka mawe nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa, stesheni ya treni iliyobaki peke yake nyikani reli zikiwa zimeng'olewa, ziwa lenye chumvi ambalo mabua yake humeta kama vioo, kaburi la nyumbu aliyebeba barua miaka kumi na tisa, pango linalopumua upepo nje asubuhi na kuuvuta ndani jioni. Sharti lake ni kwamba nyasi ziwe nyingi kuliko magari pale pa kuegesha. Anaanza Jumatatu. Amenunua magurudumu mapya manne na kopo jipya la kahawa, la kahawa kweli.

Ndugu wafanyakazi na majirani, kwenye programu mliyoshika, kipengele cha tano, kukabidhi ngao, kimepigwa mstari. Mahali pake nimeandika kwa mkono: kusoma ukuta. Najua ni Septemba na kusoma ni Aprili. Mbayuwayu wameshaondoka, na mimi nimeshalitoa sanduku. Tukimaliza keki ya mke wa Merle tutatoka wote mpaka ukingo wa kaskazini. Hatutasoma yote, upepo hautaturuhusu. Nitaita kadi namba moja tu, majina yote mawili yaliyomo, kwa utaratibu yalivyoandikwa.

Ardith, jina la kwanza usilijibu. Bwana Pomeroy ameendesha tena maili zake mia saba, safari hii ameleta binti yake na wajukuu wawili, na ameomba alijibu yeye. La pili tutalijibu sisi. Wewe simama tu pale chini ya ukingo, mikono usiiweke nyuma, usikilize.

Kwa majina elfu moja mia moja na kumi na manne uliyoyajibia, kwa kahawa, kwa mfuniko uliopigwa teke kabla sijaketi, na kwa kuniambia ukweli mbele ya mgeni wakati uongo ulikuwa tayari umefunguliwa mlango, ahsante. Aprili ijayo nitaanza na kadi ile ile, nami nitageuka kwa mazoea kuitafuta sauti yako. Uwe na afya njema na barabara za changarawe. Na popote utakapokuta daftari la wageni, Ardith, safari hii saini.

Clell Babcock
Uzio, vyoo na maji